KIGOMA, JENGENI NGOME KABLA GIZA HALIJAINGIA

Ligi Kuu Bara ina timu 16 na kila moja inacheza mechi 30. Kwa Simba, Yanga na Azam hizo ni mechi za kusaka ubingwa. Kwa timu nyingi za mikoani ni habari nyingine kabisa, ni kusaka uhai. Wanaomaliza nafasi ya 15 na 16 wanashuka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 wanaingia kwenye mchujo, roho mkononi.

Huo ndio mchezo ambao Mashujaa FC ya Kigoma imekuwa ikiucheza tangu ilipopanda mwaka 2023 baada ya kuiondoa Mbeya City kwenye mchujo. Ndio mchezo tunaotaka kuuzungumzia leo.

Vijana wanaoshinda kwenye vibanda vya gemu pale Mwanga na Ujiji wanauelewa mchezo huo pengine kuliko baadhi ya viongozi wetu wa klabu. Ipo gemu moja inaitwa 7 Days to Die. Unaanza bila kitu, umezungukwa na wafu wanaotembea. Mchana unaokota mbao, mawe na vyuma. Kila usiku wa saba linakuja jeshi zima la hao wafu, na siku hiyo hakuna cha kujificha. Kama hujajenga ngome, hufiki alfajiri.

Soma tena hapo: kila usiku wa saba. Hiyo si ligi hiyo? Wiki nzima mnafanya mazoezi, wikiendi wanakuja. Wiki hii anakuja mwenye washambuliaji watatu wa kimataifa, wiki ijayo anakuja mwingine mwenye njaa ya pointi kama wewe. Ukishinda leo, saa ya gemu inaanza kuhesabu upya kesho asubuhi.

Kijana anayecheza gemu hilo kwa mara ya kwanza hufanya kosa lilelile kila wakati. Anaanza kwa kutafuta bunduki. Anazurura siku sita akisaka silaha kali, usiku wa saba unamkuta na bunduki nzuri ndani ya kibanda cha mbao chenye mlango mmoja. Dakika tano tu, kwisha habari. Mzoefu anaanza na ukuta. Bunduki itakuja baadaye.

Tazama sasa dirisha la usajili linavyokwenda nchini kwetu. Timu imeponea chupuchupu kushuka, imefungwa mabao ya kizembe msimu mzima, halafu usajili wa kwanza unaotangazwa kwa mbwembwe ni wa mshambuliaji. Wa pili ni winga. Wa tatu ni kiungo mchezeshaji. Beki wa kati anakuja siku ya mwisho, tena ni yule aliyeachwa na timu nyingine, na kipa anabaki wa msimu uliopita kwa sababu hela imekwisha. Halafu mwezi wa pili tunashangaa kocha anafukuzwa.

Msimamo wetu ni huu: timu ya mkoani inayotaka kubaki Ligi Kuu ianze kujenga nyuma. Ianze na kipa, mabeki wanne na kiungo mkabaji mmoja. Watu sita. Wapatikane mapema, wakae pamoja muda mrefu, na wasiguswe kila dirisha linapofunguliwa.

Wapo watakaosema huko ni kupaki basi. Neno hilo lilipata umaarufu mwaka 2004, pale Jose Mourinho alipowabeza Tottenham baada ya kuibania Chelsea yake sare ya bila kufungana. Tangu hapo limekuwa tusi, na kwetu tumelipokea kama tusi. Shabiki akiiona timu yake imejipanga nyuma anaona aibu, kana kwamba beki si mchezaji.

Tufanye hesabu ndogo. Timu ambayo haitafunga hata bao moja msimu mzima, lakini pia isifungwe hata moja, inamaliza na pointi 30. Thelathini! Bila kufunga bao. Kati ya sare hizo 30, zigeuze tano tu ziwe ushindi wa bao 1-0, iwe kwa kona, penalti au shuti la mbali lililomgonga mtu. Tayari una pointi 40. Bila shaka hakuna timu isiyofungwa mechi 30. Lakini hesabu inaonyesha bei ya vitu. Ukiwa umefungwa mawili, bao lako moja linakupa sifuri. Ukiwa hujafungwa, bao hilohilo linakupa pointi tatu.

Na Kigoma haina haja ya kwenda kusoma somo hili Ulaya. Somo liko palepale Uwanja wa Lake Tanganyika.

Julai 25, 2021 uwanja huo ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga, na mji ulifurika. Yanga walipata pigo kabla ya mapumziko, Mukoko Tonombe akatolewa kwa kadi nyekundu. Wakabaki kumi. Wakajipanga, wakakaba, wakavumilia, na kwa muda mrefu wa kipindi cha pili Simba hawakuona mlango. Kisha ikaja kona, Taddeo Lwanga akaruka na kupiga kichwa. Simba 1, Yanga 0, kombe limekwenda Msimbazi. Yanga hawakushindwa kwa pasi 20 za kupendeza. Walizidiwa kwenye mpira mmoja uliosimama.

Aprili 2024, uwanja huohuo, kombe hilohilo. Mashujaa wanaikaribisha Simba. Dakika 90 zinaisha kwa sare ya 1-1, zinakuja penalti, na Mashujaa wanashinda 6-5. Nchi nzima ilishtuka, ingawa wenye kumbukumbu walijua si mara ya kwanza. Desemba 2018, ikiwa bado iko madaraja ya chini, Mashujaa ilikwenda hadi Dar es Salaam ikaitoa Simba kwa mabao 3-2. Lakini ile ya 2024 ndiyo yenye somo letu. Ili ufike kwenye penalti dhidi ya timu kubwa lazima kwanza uwe umebaki hai dakika 90. Penalti ni alfajiri ya kwenye gemu, na aliyefika ndiye anayepata nafasi ya kubahatika.

Halafu ikaja Novemba 1, 2024, mechi ya ligi. Mashujaa waliibana Simba dakika 90 zote. Ubao unasoma 0-0, watu wameanza kujiandaa kwenda kushangilia pointi moja ya dhahabu. Ndani ya dakika za nyongeza, Steven Mukwala akafunga. Kwisha. Kazi ya jioni nzima ikaondoka na mpira mmoja.

Ziweke mechi hizo tatu pamoja. Kona moja, uvumilivu uliofika penalti, na dakika za nyongeza. Mtu akikuuliza ngome ya soka inabomokea wapi, mwoneshe uwanja huo mmoja tu. Inabomokea kwenye mipira iliyosimama, kwenye nidhamu ya kadi na kwenye dakika za mwisho miguu inapokuwa mizito na akili imeshakwenda kuoga.

Hapa tena vijana wa gemu wana la kutufundisha. Wale wafu wa usiku wa saba hawagongi ukuta mahali popote. Wanatafuta sehemu dhaifu kuliko zote na wanaiendea hiyo. Unaweza kuwa na kuta tatu za zege na moja ya mbao, wote watakuja kwenye ya mbao. Mshambuliaji mzuri ndivyo alivyo. Dakika kumi za kwanza anazunguka tu, anapima. Akigundua beki wa kushoto anachelewa kurudi, mchezo mzima unahamia kushoto. Akigundua kipa hatoki kwenye krosi, zitapigwa krosi hadi nyavu zichoke.

Ndiyo maana kuwa na beki mmoja staa hakusaidii. Ngome inapimwa kwa tofali lake bovu. Kocha wa timu ndogo anapaswa kila Jumatatu kujiuliza swali moja: ningekuwa mpinzani wangu, ningepitia wapi? Kisha wiki nzima aizibe hapo.

Tunajua watu wa Kigoma wanaelewa lugha hii bila kuhitaji gemu. Mvuvi wa Kibirizi haingii ziwani usiku na wavu uliotoboka akitegemea dagaa hawataliona tundu. Mchana wote unamwona amekaa kivulini anashona. Kazi ya kushona haina picha nzuri, hakuna anayempigia makofi, lakini asipoishona, taa zake usiku zitawaka bure. Beki wa kati ndiye huyo mshonaji. Kazi yake bora ni ile ambayo shabiki hakuiona kwa sababu hatari haikutokea.

Na ipo historia nyingine palepale bandarini. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa katika vita, waliizamisha wenyewe meli yao ya Graf von Götzen ndani ya Ziwa Tanganyika. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba watu na mizigo kwa miongo mingi. Meli ilikaa chini ya maji miaka minane na bado ikafanya kazi kwa sababu kuna mtu alifikiria kuhusu siku mbaya kabla haijafika. Klabu ngapi zetu zinapaka grisi? Ngapi zina mpango wa nini kitatokea zikifungwa mechi nne mfululizo, kipa namba moja akivunjika kidole, au beki nahodha akiitwa na timu kubwa mwezi Januari?

Hilo la mwisho ndilo linaloziua timu za mikoani. Kuta nne za ukuta mmoja haziwi ukuta mpaka zishikamane. Mabeki wawili wa kati wanahitaji mechi nyingi kabla ya kujua, bila kutazamana, nani anatoka na nani anabaki. Kipa anahitaji muda kabla sauti yake haijaaminiwa. Yanga waliochukua ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi walikuwa na watu wa mbele wanaotisha, sawa, lakini nyuma kulikuwa na Djigui Diarra langoni, Bakari Mwamnyeto na Dickson Job katikati, na mbele yao Khalid Aucho akifagia. Watu hao walijuana. Timu inayobadilisha safu nzima ya ulinzi kila Julai ni sawa na kijana anayebomoa ngome yake kila asubuhi halafu analalamika usiku ni mrefu.

Wapo watakaotuuliza, kwani kukaba kumewahi kumpa nani kombe? Ugiriki mwaka 2004 walitwaa Euro wakishinda mechi zote tatu za mtoano kwa bao 1-0: Ufaransa, Jamhuri ya Czech, kisha Ureno kwao nyumbani. Italia walibeba Kombe la Dunia 2006 wakiwa wamefungwa mabao mawili tu mashindano mazima, moja la kujifunga na moja la penalti. Morocco mwaka 2022 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, wa kwanza kutoka Afrika, na hadi hapo walikuwa wamefungwa bao moja tu, nalo la kujifunga.

Na hapa kwetu? Mwaka 2003 Simba waliwatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Walishinda 1-0 Dar es Salaam, wakaenda Cairo wakafungwa 1-0, yaani wakakataa kufungwa la pili kwenye uwanja ambao wengi hufungwa manne. Ikaja mikwaju ya penalti, Juma Kaseja akafanya yake langoni. Hadi leo wazee wa Msimbazi wanaisimulia safari hiyo, na ukisikiliza vizuri utagundua wanasimulia habari ya ulinzi.

Taifa Stars nayo ilitupa picha zote mbili kwa wiki moja kule Ivory Coast, Januari 2024. Kwa bahati wapinzani wawili kati ya watatu walikuwa majirani zetu wa ziwa moja. Dhidi ya Zambia tuliongoza, wao wakabaki kumi, tukahisi ushindi wa kwanza wa AFCON umefika. Dakika ya 88 Patson Daka akatufunga kwa kichwa, 1-1. Kisha dhidi ya Kongo tukakaza hadi mwisho, 0-0. Pointi ni zilezile, moja na moja, lakini moja iliuma kama kufungwa na nyingine ilipokewa kama ushindi. Tofauti yake ilikuwa dakika mbili za kumaliza kazi.

Sasa tuseme upande wa pili, maana tahariri hii haitaki kugeuka mahubiri ya woga. Ngome isiyo na mlango wa kutokea ni kaburi. Kwenye gemu lile ukijifungia tu, chakula kinaisha, dawa zinaisha, kuta zinaliwa kidogo kidogo hadi siku moja zinaanguka. Timu inayokaba dakika 90 bila kuwa na mtu wa kushika mpira mbele inarudishiwa mashambulizi kila sekunde kumi. Mabeki hawapumui. Kwa hiyo tunaposema ngome tunataka pia mshambuliaji mmoja mwenye mabega ya kushikilia mpira, winga mmoja mwenye kasi, na mpango wa kona tatu zilizofanyiwa mazoezi hadi wachezaji wakazichoka. Hiyo ndiyo bunduki yako. Moja inatosha kama ukuta umesimama.

Mashujaa wana kitu ambacho wengine hawana. Ni timu ya wanajeshi. Sidhani kama kuna haja ya kumweleza mwanajeshi maana ya handaki, zamu ya usiku na kutolala kwenye lindo. Wana uwanja ambao wageni wanaufikia wamechoka, mwisho wa reli kabisa, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Wana mashabiki ambao wakiamua kupiga kelele hata walioko kwenye mitumbwi wanasikia. Uwanja wa nyumbani ni nusu ya ngome, na pointi za kubaki ligi zinaokotwa hapo.

Lakini mashabiki nao tuwaambie ukweli. Beki akirudisha mpira kwa kipa, mnazomea. Timu ikiongoza bao moja dakika ya 80 na kocha akaingiza beki wa tano, mnazomea. Kiungo mkabaji akipiga pasi fupi ya pembeni, mnazomea. Mnamfundisha kijana wa miaka 21 kwamba ni heri apige mbele mpira wa kubahatisha kuliko afanye jambo sahihi. Halafu mpira huohuo unarudi kwenye nyavu zenu, mnamzomea tena. Jamani! Pigieni makofi blok, pigieni makofi kipa akidaka krosi, pigieni makofi beki akitoa mpira nje dakika ya 90. Ujiji wana mazoea ya kushangilia chenga. Chenga ni tamu, lakini haijawahi kumzuia mtu asishuke daraja.

Na watoto je? Nenda viwanja vya Katubuka, nenda Bangwe, nenda ufukweni kwenye chandimu la jioni. Uliza watoto kumi wanacheza namba ngapi. Wote namba kumi. Langoni anawekwa aliyechelewa kufika au mwenye mpira mbovu wa miguu. Tunavuna tunachopanda. Walimu wanaoandaa timu za UMITASHUMTA na UMISSETA mkoani Kigoma wanaweza kuanza kubadili hili bila hata shilingi ya ziada. Mchagueni kipa kwanza. Mpeni kitambaa beki wa kati. Tengeni siku moja ya wiki ya kufundisha kukaba tu: namna ya kusimama, namna ya kumsukuma mshambuliaji pembeni bila kumgusa, namna ya kuruka kwa wakati, namna ya kupiga kelele. Mtoto anayejua kuzungumza uwanjani akiwa na miaka 13 ni hazina.

Kwa uongozi wa Mashujaa, na kwa klabu nyingine yoyote ya mkoani inayosoma haya, tuna mambo manne ya kuwaomba. Moja, mikataba ya mabeki wenu wa kati na makipa iongezwe kabla haijafika miezi sita ya mwisho, msisubiri hadi wanunuliwe bure. Pili, kuwe na kocha wa makipa wa kudumu na mtu anayesimamia mipira iliyosimama, hata kama ni msaidizi huyohuyo mwenye daftari lake. Tatu, mazoezi ya mwisho kabla ya kila mechi yamalizike kwa dakika kumi za kulinda bao moja, wachezaji wakiwa wamechoka, maana ndivyo watakavyokuwa Jumamosi. Nne, msimfukuze kocha anayejenga nyuma kwa sababu timu haipendezi. Ulizeni waliopendeza wakashuka kama wanapendeza huko Championship.

Mkoa wa Kigoma una timu moja tu Ligi Kuu. Ikishuka, wakubwa hawaji tena mwisho wa reli, mama muuza migebuka nje ya uwanja anapoteza soko, na kijana wa Ujiji anarudi kuitazama ligi kwenye luninga kama zamani. Kupanda daraja kunachukua miaka. Kushuka kunachukua kona moja.

Usiku wa saba unakuja, na mwingine baada yake. Anayetaka kuiona alfajiri aanze na ukuta leo.